Hodi ya Asadi

Asubuhi ile Jumanne alikuwa na wageni, na si wageni wa kubeza. Walikuwa wakubwa wa chama cha msingi cha ushirika waliofika kijijini Ziwani kuzungumzia korosho za msimu ujao, na ambao, Mungu akipenda na chai ikiwa tamu, wangeweza kumpa yeye usimamizi wa ghala. Kwa hiyo iliposikika hodi nje ya mlango, nzito na ya polepole, Jumanne aliitambua sauti na hakuitika. Hodi ikarudiwa. Jumanne akawaongezea wageni sukari. Ilipopigwa mara ya tatu mmoja wa wageni aliuliza kama kuna mtu nje, na mwenye nyumba akajibu kwamba ni watoto tu wanacheza.

Mtoto mwenyewe alikuwa na ndevu. Aliitwa Asadi, mwana wa dada yake, mtu mzima ambaye akili yake haikukua sawa na mabega yake. Alikuwa amevaa kanzu safi na kubana mfuko wa nguo kwapani. Mama yake, Bi Fauzia, alimwambia aende kwa mjomba akae huko mpaka yeye arudi kutoka hospitali. Lakini mama huyo huyo ndiye aliyemfundisha kwamba mtu haingii nyumba ya watu bila kukaribishwa, na kwamba ukipiga hodi tatu usijibiwe, unageuza. Sasa amri mbili zikagongana kichwani mwake. Akigeuza, ameambiwa akae. Akiingia, hajakaribishwa. Asadi akaona salama ni kusimama palepale juani, na hapo akasimama.

Adhuhuri Bi Fauzia aliposhuka kwenye bajaji, goti limefungwa bandeji na mkononi ana fimbo ambayo alikuwa hajaizoea, alimkuta mwanawe hapo hapo, midomo imekauka. Wageni walikuwa wameshaondoka. Walimpita mlangoni, na mmoja wao hata alimsalimia. Jumanne akatoka akijifuta mdomo, akijifanya mtu aliyepatwa na mshangao.

"Kumbe upo, mjomba? Si ungeingia tu?"

"Hukusema karibu," Asadi akajibu.

Hakusema kwa kulalamika. Alisema vile mtu anavyokujulisha kuwa umevaa shati nje ndani. Jumanne akacheka kicheko kifupi akamtazama dada yake, na dada yake hakucheka. Alimshika Asadi mkono wakaenda zao, mmoja akichechemea na mwingine akimpunguzia mwendo ili wawe sawa. Njiani Bi Fauzia alikuwa akijiuliza jambo moja tu, lile lililomnyima raha tangu nywele zake zianze kuota mvi. Siku atakapokufa yeye, nani katika dunia hii atamwambia huyu karibu?

Jioni hiyo alimpigia simu afisa ustawi wa jamii akamwambia kuwa amekubali.

Alichokubali ni hiki. Nje kidogo ya mji wa Mtwara, njia ya kwenda Naliendele, halmashauri ilikuwa imejenga nyumba ya watu wazima wa namna ya Asadi, wakae pamoja, wale pamoja, wafanye vikazi vya kufaa, na walezi wao walipwe na serikali. Watu waliiita Nyumba ya Milango ya Bluu, kwa kuwa fundi alipata rangi ya aina moja tu. Afisa alikuwa ameshamfuata Bi Fauzia zaidi ya mara moja kumwambia kuna nafasi, na kila mara Bi Fauzia alimjibu kwamba mwanawe si gunia la korosho hata apelekwe ghalani. Maneno hayo yalimpendeza sana alipoyasema. Ila sasa daktari alikuwa amemwambia kuwa goti lile halitarudi kuwa la zamani, na kumwogesha mwanamume mzima kwa goti moja si kazi ya mchezo.

Ziwani hakuna siri inayolala. Kesho yake kisimani walishaanza kusema kwamba Fauzia anamtupa mwanawe serikalini. Mwanamke mmoja, aliyekuwa akiazima kinu kwake kila wiki, alimwuliza kwa sauti ya huruma kama huko kuna kufungwa minyororo. Bi Fauzia alimjibu kwamba minyororo hakuna, ila kinu chake anakitaka leo.

Jumanne naye alikuja na kofia yake ya shughuli, ile anayoivaa akienda kuposa au kuzika. Alikaa, akakohoa, akakumbusha kwamba kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na kwamba ukoo wao haujawahi kumtupa mtu. Alizungumza vizuri sana. Alitaja mababu, alitaja heshima, akataja mpaka watu wa ng'ambo ya Ruvuma watakavyocheka wakisikia. Bi Fauzia alimwacha amalize, kwa sababu mtu akizungumza vizuri hivyo ni dhambi kumkatiza.

"Vyema, kaka. Neno ni lako," akasema. "Basi mchukue ukae naye wewe."

Jumanne akaitazama kofia yake. Akasema nyumba yake ndogo. Akasema mkewe, Sharifa, ana presha. Akasema msimu wa korosho huo unakuja, na wageni hawakatiki.

"Wageni wako nimewasikia," alisema Bi Fauzia. "Walimkuta mwanangu juani."

Hapo mazungumzo yalikwisha, ingawa Jumanne alikaa kwa muda mrefu baadaye, maana kulikuwa na mihogo jikoni na yeye mihogo ya dada yake hakuwahi kuikataa.

*

Msimamizi wa Nyumba ya Milango ya Bluu alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, mwenye funguo nyingi kiunoni, jina lake Maria. Aliwapokea getini, akawatembeza. Palikuwa na bustani ya mchicha, banda la kuku na bwalo la kulia chakula. Mlangoni mwa bwalo alikaa mtu wa makamo aitwaye Hemedi, aliyejipa kazi ya kukaribisha kila kinachopita. Alimkaribisha Asadi, akamkaribisha Bi Fauzia, akakaribisha na kuku wawili waliokuwa hawana habari naye. Asadi akacheka mpaka mabega yakatikisika. Bi Fauzia, aliyekuwa amejifunga kibwebwe cha moyo tangu alfajiri, akakilegeza kidogo.

Maria aliwaeleza utaratibu waziwazi. Kila anayekuja huwekwa kwa majaribio mpaka mwisho wa mwezi. Akizoea, anabaki, na hapo panakuwa kwake maisha yake yote. Akishindwa, kamati humrudisha kwao na nafasi anapewa mwingine, kwa sababu wanaoingoja ni wengi na vitanda havitoshi. Asadi angelala chumba kimoja na Issa. Issa alikuwa mtu mwembamba mwenye macho makubwa, anayesikia kila kitu lakini hasemi, hajasema tangu azaliwe.

Bi Fauzia naye akatoa maelekezo yake, na yalikuwa marefu kuliko ya Maria. Asadi anapenda ugali wa muhogo, wa sembe atakula ila atanuna. Anaogopa jogoo, lakini kuku wa kike haogopi. Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu. Akiimba wakati wa kula aachwe, ndiyo shukrani yake. Mlezi wa kiume, Josephu, alisikiliza akiitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mama alisema yote, akasahau moja. Hakulisahau kwa uzembe. Lilikuwa jambo alilolizoea kama pumzi, na pumzi hakuna anayekumbuka kuitaja.

Alipoondoka alimwambia mwanawe akae hapo na kuwatii wakubwa. Asadi akaitikia. Bi Fauzia alijikaza mpaka bajaji ilipokata kona, kisha akalia, akamwambia dereva ni vumbi.

*

Nyumba isiyo na Asadi ilikuwa kubwa kuliko alivyoijua. Bi Fauzia alisonga ugali wa watu wawili akaumwaga wa mmoja. Akitoka uani na kurudi, alisikiliza kama atapigiwa hodi, maana Asadi hata akienda chooni alirudi kwa hodi, na yeye humwitikia karibu baba, tangu mtoto akiwa mdogo mpaka ndevu zikamwota. Mchana mmoja alijikuta anasema karibu peke yake, na hapakuwa na mtu. Akajicheka.

Kisha Maria akapiga simu. Alizungumza kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtisha Bi Fauzia. Alisema Asadi ni mtu mzuri, anakula vizuri bwaloni, anamwagilia mchicha, ameshapendana na Hemedi. Tatizo ni chumba. Hajaingia chumbani hata mara moja. Tangu aletwe amelala barazani juu ya mkeka. Wamembembeleza, wamemwambia ingia, Josephu amejaribu kumshika mkono amvute, naye akashika nguzo ya baraza akalia kwa sauti. Wanadhani anamwogopa Issa, au ameikataa nyumba.

"Bi Fauzia, mwezi unaisha," Maria alimalizia. "Kamati ikimkuta barazani, mimi sina la kuwaambia."

Jumanne alizipata habari hizo kabla ya magharibi, na furaha yake aliivisha nguo za majonzi. Alisema aliyasema. Alisema damu inajua kwao. Alijitolea mwenyewe kwenda kumleta mpwa wake, tena kwa gharama zake, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Bi Fauzia alimwambia watakwenda wote, ila kumleta au kutomleta litaamuliwa huko.

*

Walifika wakati wa mapumziko ya mchana. Asadi hakuwaona. Bi Fauzia aliomba wasimwite kwanza, akajibanza na fimbo yake nyuma ya tangi la maji, kaka yake akimhemea kisogoni.

Asadi alitoka bustanini, akanawa miguu bombani, akakanyaga baraza. Akausogelea mlango wa bluu wa chumba chake. Ulikuwa wazi. Ndani, Issa amekaa kitandani, anamtazama kwa macho yake makubwa.

"Hodi," akasema Asadi.

Kimya. Akangoja. Akasema tena hodi, akangoja tena, uso umejaa matumaini. Josephu, aliyekuwa akipita na ndoo, akamwambia kwa wema kabisa, "Ingia, Asadi, ingia tu, ni chumba chako." Asadi hakugeuka hata kumtazama. Akapiga hodi ya tatu. Issa akafungua mdomo, akaufunga. Asadi akashusha mabega, akarudi kwenye mkeka wake akakaa.

Bi Fauzia alikaa chini palepale kwenye matope ya tangi, akacheka. Alicheka huku machozi yanatoka, goti linamwuma, na Jumanne akadhani dada yake naye akili zimemruka.

Maria alipokuja mbio ndipo Bi Fauzia alipomweleza. Asadi alipokuwa kijana, watoto wakorofi walikuwa na mchezo wa kumsimamisha nje ya nyumba za watu na kumwambia ingia tu. Siku moja aliingia uani walikokuwa wanaoga wanawake, akapigwa mpaka akavimba macho. Tangu siku ile mama yake alimfundisha upya, kila siku, kwa subira. Usimsikilize aliye nje. Aliye nje hana karibu. Msikilize aliye ndani, na asipokuitika, usiingie hata mlango uwe wazi, hata waseme nini.

"Sasa mmemweka na mtu asiyesema," alimaliza Bi Fauzia. "Atakaribishwa na nani?"

Maria alishika kichwa. Josephu akaitazama ndoo yake. Jumanne alivua kofia akajipepea, ingawa hapo kivulini hapakuwa na joto la kujipepea.

Bi Fauzia akauliza Issa akitaka maji huombaje. Josephu akajibu, kwa aibu kidogo, kwamba zamani alikuwa na kikombe cha bati, akikigonga kwenye chuma cha kitanda, lakini kelele zilizidi wakamnyang'anya. Kikombe kilikuwa stoo. Maria alitafuta ufunguo kati ya funguo zake zote, na bila shaka ulikuwa wa mwisho.

Issa alipokiona kikombe chake alikikumbatia. Bi Fauzia akaingia, akaketi kando yake kitandani, akamwambia, "Issa, baba, mwenzio akipiga hodi, mgongee. Mara mbili tu, usituvunjie masikio." Kisha akamwita Asadi kwa jina.

Asadi aliisikia sauti ya mama yake akaja mbio, lakini mlangoni miguu ikafunga breki yenyewe.

"Hodi."

Issa akagonga mara mbili. Papo hapo Bi Fauzia akasema karibu. Asadi akaingia, akamkumbatia mama yake, akataka kukaa. Mama akamtoa nje aanze upya. Hodi, kikombe, karibu. Wakarudia, wakarudia tena, Asadi akidhani ni mchezo na Issa akiupenda mchezo kuliko wote. Kila mara Bi Fauzia alipunguza sauti ya karibu yake, mpaka ikawa mnong'ono, mpaka ikawa midomo tu inacheza. Mwishowe akafunga mdomo kabisa.

"Hodi," akasema Asadi.

Kikombe kikagonga mara mbili. Asadi akamtazama mama, na mama akatazama ukutani. Akamtazama Issa. Issa akagonga tena, kwa nguvu, kama mtu anayeuliza unangoja nini. Asadi akavua kandambili akaingia.

Kule nje Hemedi, ambaye hakujua kilichotokea lakini alipenda kilichotokea, alipiga makofi. Maria akajifuta macho kwa kanga.

Lilikuwa limebaki moja. Bi Fauzia alimkalisha mwanawe kwenye kitanda chake, kile ambacho shuka lake lilikuwa bado na mikunjo ya dukani, akamshika mikono yote miwili.

"Hiki chako, Asadi. Wewe na Issa. Mtu akipiga hodi na wewe umo ndani, mwenye kusema karibu ni wewe."

Asadi alikitazama kitanda, akautazama mlango. Katika maisha yake yote alikuwa amepiga hodi kwenye milango ya watu, na hodi ya mtu mwingine hajawahi kuitika hata moja, kwa kuwa nyumbani aliyeitika ni mama.

"Mimi?" akauliza.

"Wewe."

Jumanne alirudi Ziwani bila mpwa na bila hotuba.

*

Kamati ilikuja, ikamkuta Asadi kitandani mwake akikoroma, ikaridhika. Mwezi uliofuata, siku ya kutembelewa, Bi Fauzia alikwenda na chungu cha ugali wa muhogo na samaki wa kukaanga, na Jumanne akajikaribisha mwenyewe kwenye safari, amebeba mfuko wa korosho alizozibangua mkewe. Usimamizi wa ghala hakuupata, alipewa mtu mwingine. Alisema hakuutaka.

Bi Fauzia alikuwa na hamu, na mwenye hamu hana adabu. Alipita baraza kwa haraka zote ambazo goti lilimruhusu, akasukuma mlango wa bluu, akaingia akiita jina la mwanawe.

Asadi alikuwa amekaa na Issa, wanachambua mchicha kwenye sinia. Aliinuka uso ukimng'aa. Halafu uso huo ukaingiwa na uzito. Akamshika mama yake bega, taratibu, akamgeuza, akamtoa nje.

"Hodi kwanza, mama."

Jumanne aliangua kicheko pale barazani. Bi Fauzia alisimama na chungu chake mbele ya mlango kama mgeni yeyote, na mwanzo kitu kilimchoma, hawezi kusema hakikumchoma. Alimzaa huyu. Ampigie nani hodi, na kwa lipi? Kisha mchomo ule ukageuka ndani yake ukawa furaha, furaha kubwa mpaka hodi yake ikatoka kama ya mtoto.

Ndani, Asadi alikuwa akimtazama Issa, kwani chumba ni cha wawili. Kikombe kikagonga mara mbili.

"Karibu, mama," akasema Asadi. "Karibu ukae."

Jumanne akataka kupenya nyuma ya dada yake, lakini Bi Fauzia aligeuka akamtazama tu. Akarudi nyuma. Pale mlangoni jua lilikuwa limeshafika, na alilihisi kichwani. Alikumbuka vizuri asubuhi ile ya chai. Alijua hodi ni tatu, na alijua mpwa wake anajua kuhesabu mpaka tatu. Akavua kofia.

"Hodi," alisema, kwa sauti ndogo.

"Karibu, mjomba," Asadi akajibu palepale, kabla hata Issa hajainua kikombe.

Jumanne aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda, akakohoa kwa muda mrefu, akawabangulia korosho zilizokwisha kubanguliwa. Walikula. Asadi akaimba wakati wa kula, na hakuna aliyemzuia.

Jua lilipopungua Bi Fauzia alisema sasa waende, na Asadi akainuka nao. Mama alidhani mtoto anataka kurudi nyumbani. Walivuka baraza, wakampita Hemedi, wakafika getini, na mkono wa Bi Fauzia, kwa mazoea ya miaka yote, ukanyooka kuushika wa mwanawe ili wavuke barabara.

Asadi aliupokea mkono huo, akautikisa kwa heshima, akauachia. Akampa na mjomba wake mkono.

"Karibuni tena," akasema.

Akageuka akarudi ndani, hana haraka, na kutoka barabarani walimsikia anapiga hodi, na kikombe kikimjibu.